Diski ya nje ikigoma: dalili, chanzo na la kufanya

Kabla hujagusa kitu, jibu swali moja: vilivyomo ndani ya diski hiyo vipo pengine? Kama picha, barua na hesabu zako zote bado zimo kwenye kompyuta, tatizo lako ni dogo hata diski ikiwa imekufa kabisa. Utatafuta nyingine, utanakili upya, basi. Lakini kama uliyahamishia mafaili huko ili kompyuta ipumue, kisha ukayafuta kwenye kompyuta, hiyo si nakala rudufu tena. Hiyo ndiyo asili yenyewe, na iko peke yake ndani ya kisanduku ambacho mtoto akijikwaa kwenye waya kinaanguka sakafuni.

Nalisema hili mwanzoni kwa sababu dawa inategemea jibu lako. Zipo amri zinazorekebisha diski vizuri sana, na papo hapo zinafukia mabaki ya mafaili ambayo bado yangeweza kuokolewa. Mwenye nakala nyingine azitumie bila wasiwasi. Asiye nayo akae nazo mbali kwanza.

Watu huniletea diski wakisema "imekufa". Nyingi huwa hazijafa. Kilichokufa ni waya. Kwa hiyo tuanze na waya.

## Umechomeka, kimya

Shika diski mkononi. Zile ndogo za kubebeka, za inchi 2.5, kwa kawaida sahani zake huzunguka mara 5400 kwa dakika, na kiganja hukihisi kile kitetemo. Hakuna mtetemo wala taa: umeme haufiki. Mtetemo upo lakini kwenye skrini hakuna kitu: umeme unafika, data haipiti. Hizo ni kesi mbili tofauti na zina dawa mbili tofauti. (Kama diski yako ni ya SSD, inayohifadhi kwenye vibao vya kumbukumbu badala ya sahani, haina kinachozunguka, kwa hiyo usihangaike kusikiliza, tegemea taa tu.)

Umeme usipofika, tazama kwanza tundu ulilochomeka. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Diski yenye sahani hula umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka, kama gari linavyohitaji nguvu kuondoka kuliko kutembea. Ukiichomeka kwenye kigawanyio cha USB ambacho tayari kinabeba kipanya, kibodi na chaja ya simu, inajaribu kuzunguka, inashindwa, inajaribu tena. Utasikia tik, kimya, tik, kimya, au mlio mwembamba kama wa saa ya kuamshia. Ondoa kigawanyio, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma. Yale ya mbele yameungwa kwa waya wa ndani ambao mara nyingi ni hafifu.

Diski kubwa za inchi 3.5 hazitegemei USB kwa umeme, zina adapta yake, kwa kawaida ya volti 12. Hapa kuna mtego. Kichwa cha chaja ya kompyuta mpakato kinaweza kuingia vizuri kabisa kwenye tundu la diski, ilhali chaja hiyo inatoa volti 19. Kinachofuata ni harufu ya kuungua. Soma maandishi madogo kwenye adapta na kwenye diski, yalingane volti, na ampea za adapta zisipungue zile zinazohitajika. Kuingia kwa kichwa hakuthibitishi chochote.

Sasa data isiyopita. Diski nyingi za kubebeka hutumia ule waya wenye kichwa kipana chenye sehemu mbili, kama meno mawili yaliyobanana. Kichwa hicho ni chepesi kulegea. Kingine ni nyaya za USB-C: baadhi zimetengenezwa kwa kuchaji tu na hazipitishi data kabisa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Badilisha waya kabla hujafanya lolote jingine.

Nilipitisha jioni tatu na diski moja yangu mwenyewe. Nilijaribu programu za uokoaji, nikaijaribu kwenye kompyuta nyingine, nikaanza hata kuhesabu nilichopoteza. Jioni ya nne nilichukua waya wa diski ya mdogo wangu kwa sababu wangu ulikuwa mfupi tu, haufiki kwenye meza. Diski ikafunguka palepale, folda zote zimejipanga. Nilipoukunja ule waya wa zamani karibu na shingo ya kichwa, ilikatika, nilipounyoosha, ikarudi. Ule waya nimeuhifadhi, umefungwa fundo, nisije nikautumia tena kwa bahati mbaya.

## Inazunguka, taa inawaka, ila haionekani

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, uchague Disk Management. Orodha hiyo inaonyesha diski ambazo dirisha la kawaida la mafaili halizionyeshi, na utakachokiona humo ndicho kitakachokuongoza.

Ukiona diski ina ukubwa wake, ina msitari wa buluu, lakini haina herufi kama E: au F:, furahi. Haina jina la kuitwa, ndiyo maana haitokei. Bofya kitufe cha kulia juu yake, uipe herufi ambayo haijatumika. Hili hutokea sana pale flash au kisoma kadi kiliposhika herufi ile ile iliyozoeleka.

Ukiona neno RAW, diski inasomeka kama chombo lakini mpangilio wa mafaili haueleweki. Nenda sehemu inayofuata. Ukiona msitari mweusi na maneno kwamba nafasi haijagawiwa, na diski ni mpya kutoka dukani, ni kawaida. Igawe na uifomati. Kama ni ya zamani na ilikuwa na vitu, simama. Windows inaweza kukuletea dirisha la kukuuliza kama uianzishe diski. Jibu ni hapana, mpaka ujue kilichomo kipo kwingine.

Isipoonekana hata humo, rudi kwenye waya, kisha jaribu kompyuta nyingine. Ikigoma kote, huenda kile kibao kidogo cha elektroniki ndani ya kasha kimeungua huku diski yenyewe ikiwa nzima. Baadhi ya watu hufungua kasha, huichomoa diski na kuiweka kwenye kasha jingine. Wakati mwingine inafanya kazi. Lakini yapo makasha ambayo kibao chake ndicho kinachofunga data kwa siri wakati wa kuandika, hivyo diski ikitolewa humo inasomeka kama takataka. Na zipo diski ambazo tundu la USB limechomelewa kwenye diski yenyewe, hakuna cha kuhamisha. Kama humo ndimo iliko nakala pekee, kazi hiyo mwachie fundi wa uokoaji wa data.

Kwenye Mac, fungua Disk Utility na uchague kuonyesha vifaa vyote, maana Finder, dirisha la mafaili la Mac, inaweza kuwa imepangwa isionyeshe diski za nje. Kwenye Linux, amri ya lsblk itakuambia kama kompyuta imeiona, na dmesg itakuambia inalalamikia nini.

## "Fomati kwanza ndipo uitumie"

Ujumbe huu umepoteza picha za watu wengi kuliko kirusi chochote, na hayo ni maoni yangu baada ya kuona nyuso zao. Kompyuta ikisema diski inahitaji kufomatiwa, haimaanishi kwamba ndani hakuna kitu. Inamaanisha: mimi sielewi kilichoandikwa humu. Huenda kweli kimevurugika. Huenda pia kimeandikwa kwa mpangilio ambao kompyuta hii haujui.

Diski iliyotumika kwenye Mac kwa kawaida imepangwa kwa APFS au HFS+, na Windows haizisomi hizo. Badala ya kusema "hii ni ya Mac", inakuomba uifomati. Mac nayo ikikutana na NTFS ya Windows inasoma ila haiandiki, ndiyo maana mtu anaweza kuona mafaili yake yote na bado asiweze kuongeza hata moja. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu, ulizia diski hiyo ilitoka kompyuta gani, uirudishe huko uone.

Kama ilikuwa ikifanya kazi jana kwenye kompyuta hii hii, chanzo cha kawaida ni kuchomolewa ikiwa bado inaandika, au umeme kukatika katikati. Sasa lile swali la mwanzo linaanza kazi.

Mafaili yapo kwingine? Iwapo Disk Management bado inaitaja NTFS, FAT32 au exFAT, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio, chkdsk E: /f, ukibadilisha E kwa herufi yako. Ikiwa ni RAW, chkdsk itakataa. Fomati tu na uanze nakala upya, huna cha kupoteza.

Mafaili hayapo kwingine? Usifomati, usiendeshe chkdsk, usinakili chochote kuingiza humo. Tafuta diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi, utengeneze taswira nzima ya ile mbovu, yaani nakala ya diski yote jinsi ilivyo. Programu ya ddrescue kwenye Linux ndiyo ninayoiamini: inasoma kwanza sehemu nyepesi, inaruka zile ngumu na kuzirudia baadaye, na inaweka faili la ramani ili ukisitisha usianze upya. Hakikisha mara tatu ipi ni chanzo na ipi ni mpokeaji, kwa sababu ukizigeuza umejimaliza mwenyewe. Ukishapata taswira, iache diski mbovu ipumzike, na uokoaji wote ufanye juu ya taswira. TestDisk hujaribu kurudisha mpangilio pamoja na majina ya folda. Ikishindikana, PhotoRec huchimba picha na nyaraka moja moja bila majina yake. Utapata mafaili elfu kadhaa yenye majina ya namba, na kazi ya kuyapanga itakuwa ya wiki. Ila yatakuwepo.

## Nakala inaanza vizuri, kisha inakatika

Angalia ilikatikia wapi. Ikiwa kila mara ni kwenye video ya harusi au faili kubwa moja, na mengine yote yanapita, diski yako bila shaka ni FAT32. Mpangilio huo haupokei faili moja la kufika GB 4, hata nafasi iliyobaki ikiwa GB 800. Ujumbe utakaouona unasema faili ni kubwa mno, na watu huusoma kama "diski imejaa", wanaanza kufuta vitu bure. Kama unatumia Windows peke yake, amri ya convert E: /fs:ntfs hubadilisha FAT32 kuwa NTFS bila kufuta, ingawa sioni kwa nini mtu aifanye bila kuwa na nakala pembeni. Kama diski inazunguka kati ya Windows na Mac, ifomati kwa exFAT. Ila ujue exFAT haiweki kumbukumbu ya kazi iliyokuwa ikiendelea, kwa hiyo haipendi kabisa kuchomolewa ghafla.

Ikikatika baada ya muda fulani bila kujali faili gani, shuku usingizi. Kompyuta inalala, au inazima tundu la USB ili kubana umeme. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna kipengele cha kusitisha USB isiyotumika; kizime wakati wa kunakili, na kama ni kompyuta mpakato, iweke kwenye chaja.

Ikikatikia mahali palepale kila mara, kwenye faili la kawaida tu la ukubwa mdogo, sehemu hiyo ya diski huenda imeharibika. Na si lazima iwe diski ya nje. Inaweza kuwa ya ndani, ile unayoinakili. Hilo watu hulisahau. Nakili faili hilo moja kwenda kwenye flash. Likigoma na huko, mgonjwa ni kompyuta yako, na nakala unayojaribu kuitengeneza inahitajika haraka kuliko ulivyodhani.

Majina nayo. Windows kwa mazoea hukomea kwenye njia, yaani anwani nzima ya faili, ya herufi 260, kuanzia E: hadi mwisho wa jina la faili. Folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja ina jina refu kama barua, zitakwama. Fupisha majina ya folda za juu.

## Inakwenda, ila kwa mwendo wa konokono

Piga hesabu kabla ya kulaumu. USB 2.0 kwa vitendo hupitisha MB 30 hadi 40 kwa sekunde. GB 500 kwa MB 35 kwa sekunde ni takriban saa nne. Diski hiyohiyo kwenye USB 3.0, ikienda MB 110 kwa sekunde, itamaliza kwa saa moja na robo hivi. Kwa hiyo tazama tundu: yale ya USB 3 mara nyingi yana ulimi wa buluu ndani. Tazama na waya: ukitumia waya wa zamani wa USB 2 kwenye tundu la buluu, mwendo ni wa USB 2.

Picha ndogondogo laki moja huchukua muda mrefu kuliko video moja yenye uzito uleule, kwa sababu kila faili lina usajili wake. Hilo halina dawa zaidi ya subira. Nakala ya kwanza ndiyo ndefu. Zinazofuata hubeba yaliyobadilika tu.

Lakini kuna diski zinazoanza kwa kasi ya kupendeza, MB 100 kwa sekunde, na baada ya muda zinaporomoka hadi MB 15, kisha zinapanda, kisha zinaporomoka. Nyingi za bei nafuu hutumia teknolojia ya SMR, ambayo mistari ya data imelaliana kama vigae vya paa ili ienee mingi. Kubadilisha kigae cha chini kunalazimu kuinua vya juu yake. Diski hupokea data mbio kwenye eneo la muda, likijaa inabidi isimame ipange. Si ugonjwa. Iache usiku kucha. Kwa kuhifadhi nakala haina shida, mimi mwenyewe ninayo; kwa kazi ya kuhariri video moja kwa moja ndani yake, sahau.

Polepole ya kutisha ni ile inayoambatana na kompyuta kuganda kila unapofungua folda fulani, na diski kukwaruza. Hiyo soma hapa chini.

## Tik, tik, tik

Mlio wa kurudiarudia wenye mdundo sawa, diski ikiwa na umeme wa kutosha na waya mzuri, kwa kawaida ni vichwa vya kusoma vinavyoshindwa kupata mahali pake. Vichwa hivyo huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na kila sekunde unayoiacha ikilia unaweza kuwa unaikwaruza ile sahani yenye picha zako. Chomoa. Usiichomeke tena "nione mara moja tu". Usiifungue mezani, maana chembe moja ya vumbi ni jabali kwa kichwa kinachoelea hivyo. Na ule ushauri wa kuiweka kwenye friza usiufuate. Ikitoka inatoa jasho ndani, na maji juu ya sahani hayajawahi kumsaidia mtu.

Kama unachohitaji kimo humo peke yake, kazi ni ya maabara yenye chumba safi, nayo ni ghali. Kama kipo kwingine, ni muda wa kuizika.

Kwa diski ambayo bado inasomeka lakini inakutia mashaka, soma kumbukumbu zake za afya, ziitwazo SMART. Kwenye Windows, CrystalDiskInfo inazionyesha kwa rangi. Kwenye Linux kuna smartctl. Usipotee kwenye orodha nzima. Tazama namba 5, sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizohamishwa. 197, sekta zinazosubiri hukumu. Na 198, zilizoshindikana kabisa. Kwenye diski nzima zote huwa sifuri. Namba 197 ikiwa juu ya sifuri, na wiki ijayo ikawa imeongezeka, mimi sijadili na diski hiyo. Nanakili vilivyomo siku hiyohiyo, naistaafisha. Kumbuka tu kwamba diski nyingi hufa zikiwa na ripoti safi, kwa hiyo SMART ikisema mbovu iamini, ikisema nzima isikilize kwa sikio moja.

## Nakala ipo, mafaili hayamo

Hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote, kwa sababu haionekani mpaka siku ya kuhitaji.

Binamu yangu alinakili kila Ijumaa kwa mwaka mzima. Aliburuta vitu vyote vilivyokuwa kwenye eneokazi la kompyuta yake, akavidondosha kwenye diski ya nje, dakika haikuisha kazi imekwisha, na alijisifu kwa kasi hiyo. Kompyuta ilipoibiwa aliniletea diski. Nilifungua folda ya Ijumaa ya mwisho: ikoni zimepangana, majina yote yapo, "Picha za familia", "Mkataba", "Hesabu". Kila moja ina kishale kidogo kwenye kona ya chini kushoto. Kila moja ina KB 2. Alikuwa amenakili njia za mkato, yaani vibao vya kuelekeza mahali ambapo vitu vilikuwa, kwenye kompyuta ambayo haipo tena.

Kwa hiyo kagua ukubwa. Folda ya picha kwenye kompyuta ikisema GB 64 na ya kwenye diski ikisema MB 3, kuna jambo.

Mtego wa pili ni wa siku hizi zaidi. Ukitumia OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, mafaili mengi yanaweza kuonekana kwenye kompyuta huku yenyewe yako mtandaoni. Alama ya wingu pembeni ya jina ndiyo inayokuambia. Programu ya nakala inaweza kuyaruka. Kwenye Mac, programu ya Photos ikipangwa kubana nafasi, picha asili zinakaa iCloud na kwenye Mac yanabaki matoleo madogo. Time Machine, programu ya nakala ya Mac, inanakili kilichopo, siyo kisichopo. Chagua mafaili yashushwe na yabaki kwenye kifaa, ndipo unakili.

Wa tatu: programu ina orodha yake, na orodha hiyo si ile iliyo kichwani mwako. File History ya Windows hushughulikia folda kama Documents, Pictures, Music, Videos na eneokazi. Ukiwa na folda yako ya kazi moja kwa moja chini ya C: au kwenye D:, haiigusi mpaka uiongeze. Fungua orodha hiyo leo, uisome.

## Folda zote zimegeuka njia za mkato zenyewe

Ulichomeka diski kwenye kompyuta ya watu kuchapisha karatasi mbili, umerudi nyumbani, kila folda ina kishale. Hiyo ni kazi ya kirusi. Habari njema ni kwamba kwa kawaida folda zako zimo bado, zimefichwa tu. Safisha kompyuta yako kwanza kwa antivirusi, la sivyo utarekebisha diski na itaambukizwa tena kabla hujachomoa. Kisha, kwenye dirisha la amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na usubiri. Folda halisi zitatokea. Futa vile vishale pamoja na mafaili ya ajabu yenye mwisho wa .vbs au .lnk usiyoyajua. Usivibofye kuona ni nini. Na kwa kuchapisha karatasi, beba flash, siyo diski ya nakala.

## Madogo madogo

Diski ya TB 1 inaonyesha GB 931. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Diski ya "TB 16" ya kubebeka kwa bei ya flash, hapo ndipo umeibiwa. Ndani huwa kuna kadi ndogo ya kumbukumbu na kibao kinachodanganya ukubwa. Inapokea kila kitu na kuandika juu ya vya zamani. Jaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac, ikiwa bado tupu.

Imejaa. Time Machine yenyewe hufuta nakala kongwe ili kupata nafasi. Apple hushauri diski yenye angalau mara mbili ya ukubwa wa Mac. File History ina mpangilio wa muda wa kuhifadhi, na ukiuacha kwenye "milele" itajaa tu.

Inakataa kutolewa kwa usalama. Kuna programu imeishikilia, mara nyingi antivirusi au uorodheshaji wa utafutaji. Funga madirisha, ngoja dakika mbili. Ikiendelea, zima kompyuta kabisa ndipo uchomoe. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, mpangilio wa kawaida huruhusu kuchomoa bila utaratibu, lakini hiyo ni pale ambapo hakuna kinachoandikwa, na taa inayopepesa ni shahidi kwamba kinaandikwa.

Inadai nenosiri usilolikumbuka. Kama ni BitLocker, kufuli ya Windows ya kufunga data kwa siri, tafuta ufunguo wa tarakimu 48: kwenye akaunti yako ya Microsoft, kwenye karatasi uliyochapisha, kwenye faili. Bila nenosiri wala ufunguo, hakuna fundi atakayeifungua, na anayekuahidi anataka pesa tu.

## Ukishaitengeneza

Nakala ikikamilika, chomoa diski na uiweke mbali na kompyuta. Kirusi cha kufunga mafaili kwa kudai fidia kikiingia, kitafunga na diski iliyochomekwa. Radi ikipita kwenye umeme, itapita kwenye vyote viwili. Mwizi naye hachagui. Mimi natumia diski mbili kwa zamu, moja inalala nyumba nyingine.

Kila baada ya miezi michache chagua mafaili matatu ya zamani kutoka kwenye nakala, picha, waraka na video, uyarudishe kwenye folda mpya, uyafungue mpaka mwisho. Video uiruke hadi katikati. Faili lililokatika hufunguka vizuri sekunde za mwanzo.

Na ile diski iliyokufa usiitupe hivihivi. Kompyuta yako kushindwa kuisoma hakumaanishi kwamba picha za paspoti yako zimetoka humo. Kama bado inaandikika, ifute yote, siyo kufomati kwa haraka. Kama haiandikiki, ni ya sahani, na hutaki tena kuipeleka maabara, toboa kasha kwa drili mpaka sahani zenyewe zipate matundu mawili matatu, ukiwa umevaa miwani ya kinga, maana baadhi ya sahani ni za kioo na hupasuka vipande. SSD haina sahani: vunja vile vibao vyeusi vya kumbukumbu kimoja kimoja.